Chemsha Maziwa Kwanza: Mwongozo wa Kuuhoji Moyo Wako

Saa nane usiku mwili unawaka, viungo vinauma, mdomo mchungu kama umelamba shubiri. Nyumba nzima imeamka. Mama mkwe anaweka kiganja kwenye paji la uso wa mgonjwa, anakiondoa, anatoa hukumu: "Malaria hii." Kukicha mgonjwa anajikokota hadi duka la dawa kununua mseto, dawa ya malaria. Muuzaji akimshauri apite kwanza zahanati akapime, jibu lake ni lile lile linalosikika kutoka Lamu hadi Kigoma: "Nikapime nini? Mwili wangu si naujua!"

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye mwili huo, na mama mkwe wake, na kila mtu ambaye moyo wake humletea habari kabla ya macho. Sina nia ya kuuziba mdomo moyo wa mtu. Nataka tu uapishwe kama shahidi mwingine yeyote, usimame kizimbani, uulizwe maswali.

La homa tuanze nalo. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,005 walioletwa wakiwa na homa katika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara. Waliokutwa na malaria walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Sasa piga picha viganja vya akina bibi 1,005 kwenye mapaji 1,005. Vyote vingehisi joto, na joto lilikuwepo kweli. Lakini jina la ugonjwa halikai kwenye paji la uso, na mtoto wa nimonia aliyepewa mseto atalala na nimonia yake mpaka mtu mwingine aigundue.

Vifaa

Tafuta daftari la shule, lile jembamba. Tafuta kalamu ya wino. Penseli usiiguse, maana moyo ukipewa ufutio hautabakiwa na kosa hata moja. Tafuta sufuria mbili zinazolingana, na matumizi yake nitayaeleza. Halafu tafuta mtu mmoja anayekupenda lakini hakuogopi. Kwa wengi wetu huyu ni mdogo wetu wa kike. Mlinde sana, kwa sababu ndiye atakayekuuliza, "Umejuaje?" wakati wengine wote wanaitikia.

Moyo utangulie kusema

Ukihisi jambo, liandike kabla halijatokea. Tarehe, saa, na maneno yenyewe. Nenda kijiweni Jumatatu asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga uone kwa nini nasisitiza: kwenye kahawa pale hakuna mtu hata mmoja aliyekosea. Kila mmoja alijua. Alijua tangu kikosi kilipotangazwa, alijua alipoona kipa anavyotembea. Ukiwauliza mkeka wa kubeti uko wapi, unaambiwa umechanika kwa timu moja tu, tena kule Uturuki. Neno "nilijua tu" lipigwe marufuku nyumbani kwako kama yanavyopigwa marufuku matusi, isipokuwa kwa mtu mwenye daftari mkononi.

Hawa watu wa kijiweni siwaiti waongo. Kumbukumbu ya binadamu ndivyo ilivyo: jambo likishatokea, inarudi nyuma kimyakimya na kuyapanga upya yale tuliyokuwa tunayafikiria, mpaka yafanane na matokeo. Mtu anaapa kwa nia njema kabisa kwamba alijua. Ndiyo maana daftari ni lazima. Wino wa jana haubadiliki kwa sababu ya bao la leo.

Na ukishaandika, ongeza mstari wa pili: ni kitu gani kikitokea nitakubali kwamba nimekosea? Mstari huu ndio unaoutoa moyo jasho. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda kwa utamu wake, na bibi yangu aliitumia vizuri. Lakini itazame kama chombo cha kutafutia ukweli. Jambo likiwepo, methali imeshinda. Lisipokuwepo, imeshinda vilevile, kwa kuwa jambo liko njiani. Hakuna siku itakayoshindwa, na kwa sababu hiyo hakuna siku itakayokwambia kitu. Umbea wote wa mtaani umejengewa kwenye msingi huo, na binti za watu wameharibiwa majina kwa hoja hiyo hiyo.

Friji la Magamba

Hapa ndipo sufuria zinapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kisa hiki ni chetu na wengi wetu tunakijua nusunusu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kukoroga na sukari, kuacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi za friji ziligombaniwa. Siku moja Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa anachemsha maziwa aliyonunua kwa akina mama wa jirani. Mwenzake alipomwona, aliamua kutochemsha kabisa ya kwake: akakoroga sukari upesi, akamimina kwenye trei, akawahi. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa trei ya mwisho. Akayaingiza yakiwa moto, huku akijua anaweza kuliharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Tusimlaumu mwalimu haraka. Moyo wake ulikuwa na sababu: chai ya moto ina safari ndefu zaidi kufikia baridi kuliko chai ya vuguvugu, na mwenye safari ndefu anachelewa kufika. Kila anayesoma hapa moyo wake unasema hivyo hivyo. Kosa la mwalimu lilikuwa kwamba friji lilikuwepo, maziwa yalikuwepo, mwanafunzi alikuwepo, na hakuna kilichojaribiwa.

Mpemba akanyamaza. Wakati wa likizo, Tanga mjini, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Wauzaji hawakuwa na nadharia yoyote. Walikuwa na wateja na jua la Tanga. Baadaye Mpemba akaingia shule ya Mkwawa, Iringa, na mada ya joto ilipofika akauliza tena. Mwalimu wa huko naye akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, dunia nzima inayo nyingine. Darasa likaupokea mzaha kama wimbo. Akikosea hesabu, wenzake wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Angeweza kununa. Angeweza kuanza kuamini kwamba walimu wanaficha siri, kama wanavyoamini leo watu wengi waliochekwa. Yeye alisubiri akaikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili za mililita 50, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na maji ya moto. Na yeye mwenyewe alikiri kuwa hilo halikutosha kukata shauri. Kijana amechekwa miaka kadhaa, hatimaye amepata kitu cha kuwaonyesha, na bado anasema hakitoshi! Ningekuwa waziri wa elimu ningelibandika hilo kwenye ukuta wa kila maabara.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Alipomaliza kuzungumza na wanafunzi, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama na swali lake, na darasa likacheka. Baadaye wenzake walimwambia amewaaibisha. Osborne mwenyewe alikuja kueleza kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Lakini hakucheka. Alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio, akasema jibu halijui, akaahidi kulijaribu akirudi chuoni.

Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Hapo simama. Mtu ana matokeo mkononi, ameyapima mwenyewe, na moyo bado unamwambia kwamba matokeo ndiyo yaliyokosea. Huyo fundi ni mimi na wewe. Alichotuzidi ni kwamba alirudia kweli, na majibu yakaja yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza.

Kisa hakikuishia kwenye vigelegele, na msomaji anastahili kukijua chote. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa hadi nyuzi sifuri mapema kuliko ya baridi. Waligundua pia kwamba kuisogeza temomita sentimita moja tu kunaweza kubadilisha nani anaonekana kuwa mshindi. Mwaka 2020 wenzao wa Kanada wakaonyesha tabia inayofanana na hiyo katika mfumo mdogo sana, wa chembe ya kioo ndani ya maji. Ubishi unaendelea. Mpemba aliona kitu kwenye trei, hilo limesimama; anayetembea akitangaza kwamba maji ya moto huganda kwanza siku zote na kila mahali, huyo amezidisha chumvi kuliko Mpemba mwenyewe.

Basi hii ndiyo kanuni kubwa ya mwongozo wangu. Mtu akikuletea jambo linalogombana na moyo wako, usimcheke na usimshangilie. Chemsha maziwa.

Mbu wa Burton

Ukitaka kuona hasara ya kicheko, fuata pwani hadi kwa Wasomali. Richard Burton, Mwingereza yule aliyekuja baadaye kupita Zanzibar akielekea Ziwa Tanganyika, alichapisha mwaka 1856 kitabu cha safari yake ya Harar. Humo, katika tanbihi, anataja kwamba watu wa huko wanaamini kuumwa na mbu kunaleta homa kali za kuua. Anaiita imani hiyo ushirikina. Anaeleza kwamba huenda imetokana na mbu na homa kuzidi katika majira yale yale.

Hoja ya Burton ilikuwa nzuri! Mambo mawili kutokea pamoja hakumaanishi moja limezaa jingine. Jogoo huwika na jua likachomoza. Mwalimu yeyote angempa alama. Wakati huo Wazungu wenyewe waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na jina la malaria limetoka kwenye maneno ya Kiitaliano yenye maana hiyo. Moyo wa Mzungu ulinusa bwawa, moyo wa Msomali uliona mbu, na wote wawili walikuwa wanatazama mahali pamoja. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona kijidudu cha malaria ndani ya damu ya askari. Mwaka 1897 Ronald Ross, kule Secunderabad, India, akapasua mbu aliyemnyonya mgonjwa akakikuta kijidudu ndani ya tumbo lake. Miaka 41 tangu ile tanbihi.

Nami siwezi kusema Wasomali walikuwa wamethibitisha. Walikuwa wamehisi, tena kwa macho makali ya watu waliolala na mbu vizazi na vizazi. Burton alikuwa na hoja, wao walikuwa na dalili, na aliyekosekana katikati yao ni mtu wa kumpasua mbu.

Sufuria ya pili

Ushahidi nao una ujanja wake. Mnaikumbuka video ya mchele wa plastiki? Mtu anaviringa kitonge cha wali, anakirusha mezani, kinadunda. Makundi ya WhatsApp ya familia yalijaa hofu, wajomba wakatupa wali wa watu. Jambo lilionekana kwa macho, kwa hiyo likaitwa ushahidi. Lakini sufuria ilikuwa moja tu. Chukua ya pili, pika mchele wa Kyela uliouleta mwenyewe kutoka shambani kwa mjomba wako, uviringe uukaze vizuri mkononi, urushe. Unadunda. Ndivyo wanga ulioiva ulivyo, unashikamana na kunesanesa. Video haikudanganya kuhusu kudunda. Ilikosa tu kitonge cha kulinganishia.

Bundi ni hivyo hivyo. Alilia juu ya bati, kesho yake akafa jirani. Sawa, andika. Andika pia usiku wote aliolia na kesho yake watu wakaamka wazima, wakanywa uji, wakaenda shamba. Andika na misiba yote iliyokuja bila bundi, na usiku wote usiokuwa na bundi wala msiba. Vyumba vinne hivyo vikijaa ndipo tuongee. Wengi wetu tumejaza chumba kimoja, kile kinachotisha, na hicho kimoja tunakiita uzoefu wa wazee. Kiganja kinachowasha kwa kuja pesa, kope inayocheza kwa kuja mgeni, navyo viingie daftarini kwa mwezi mmoja. Ni mazoezi mazuri ya kuanzia, kwa kuwa ukikosea haumii mtu.

Kikombe

Yapo ya kuumia. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500. Walikuja kwa mabasi, malori na helikopta, kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi, foleni ikajaa kilomita kwa kilomita porini. Walikuja wenye kisukari, saratani, shinikizo la damu na virusi vya Ukimwi. Walikuwepo wakubwa serikalini. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni wakiwa hawajafika kwenye kikombe.

Shangazi yangu alikuwemo. Ana kisukari cha miaka mingi. Alirudi akiwa mtu mwingine, anacheka, anasema mwili umekuwa mwepesi kama wa msichana. Vidonge akavifungia kabatini. Sisi watoto tulinyamaza. Nani angeuvunja moyo wa mtu mzima aliyekaa siku tano barabarani kwa imani? Aliyekuwa na ujasiri ni mdogo wangu, muuguzi. Hakubisha hata neno. Alikuja na mashine ya kupimia sukari, akapiga goti mbele ya mkeka.

"Shangazi, nipe kidole."

Ikasoma 17. Shangazi akaitazama ile namba muda mrefu.

"Mashine yako mbovu, mwanangu."

Mdogo wangu akachoma kidole chake mwenyewe. Ikasoma 5. Akachoma changu. Ikasoma 6. Akamrudia Shangazi kwa kidole kingine, ikasoma 17 tena. Hakusema chochote juu ya Loliondo, wala juu ya Mungu, wala juu ya yule mchungaji. Shangazi akakaa kimya, akamwagiza mjukuu akalete funguo za kabati.

Nimefikiria sana ile sebule. Ule wepesi wa mwili haukuwa uongo. Mtu mwenye tumaini, aliyerudi salama nyumbani na kupokewa kwa furaha, mwili wake huwa mwepesi kweli. Ila sukari kwenye damu haina wepesi wala uzito wa kuhisiwa mpaka imeshafanya madhara, na moyo hauna jicho la kuiona. Na ni vidole vyetu vinne, siyo mahubiri, vilivyomfanya mwanamke mwenye msimamo kama ule akubali. Mdogo wangu alikuja na sufuria ya pili bila kujua anaitwa mwanasayansi.

Watu waliotupa vidonge mwaka ule na hawakuwa na mtu wa kuja na mashine, hao ndio wananifanya niandike.

Moyo uliosomea

Ipo mioyo ya kusikilizwa hata kabla ya kipimo, na ingekuwa dhuluma kuinyima haki. Mkunga mwenye miaka thelathini kazini anashika tumbo, anasita, anasema huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Mpeleke. Nahodha wa jahazi anatazama rangi ya anga wakati kusi inapoanza na kukataa kung'oa nanga. Shuka, ukalale. Fundi wa gereji anasikiliza injini sekunde tatu na kutaja kifaa.

Kwa nini hawa, na kwa nini siyo bingwa wa mikeka? Wanasaikolojia wawili waliokuwa wakibishana miaka mingi, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala ya pamoja mwaka 2009 wakitafuta watatofautiana wapi, wakajikuta wanakubaliana kwa mengi. Hisia ya mtu huaminika pakiwa na mambo mawili: shughuli yenyewe iwe na mpangilio unaojirudia, na mtu awe ameifanya muda mrefu akipata majibu ya kila alichokisia, upesi na bila kufichwa. Mkunga anajua ndani ya saa chache kama alihisi sawa. Bahari humjibu nahodha siku hiyo hiyo. Mpira wa Uturuki hauna mpangilio wa kumtosha mtu aliyekaa Mbagala, na mchezaji wa mikeka husahau alizokosa.

Klein ana kisa cha kiongozi wa kikosi cha zimamoto huko Marekani. Walikuwa wanamwagia maji moto wa jikoni, moto haupungui, na sebule waliposimama ilikuwa na joto kuliko ilivyopaswa, tena kimya mno. Akapaza sauti watoke. Punde sakafu waliyokuwa wameikanyaga ikadidimia. Moto wenyewe ulikuwa chumba cha chini. Yeye mwenyewe aliamini ana kipaji cha ajabu cha kuhisi. Klein alipomhoji ikaonekana kwamba miaka ya moto ilikuwa imemfundisha moto wa kawaida unavyosikika na unavyochoma, na huu haukufanana. Mwili wake ulikuwa umesoma ushahidi kabla ulimi haujapata maneno.

Kwa hiyo mtu anaposema moyo wake umemwambia, muulize kwa adabu: moyo huo umesomea wapi, na mitihani yake nani alisahihisha? Mama mkwe wetu wa mwanzo ameshika mapaji mengi. Lakini kila mara alitoa mseto, na homa nyingi, hasa za virusi, hupoa zenyewe baada ya siku tatu nne, naye akahesabu ushindi. Hakuna siku hata moja mtihani wake uliposahihishwa. Mpe heshima yake yote, umpikie, umsikilize hadithi zake. Usimpe kazi ya maabara.

Kipimo nacho kikabiliwe

Kile kipimo cha haraka cha malaria si malaika. Kinatafuta protini ya kijidudu ndani ya tone la damu, na vijidudu vikiwa vichache mno kinaweza kuvikosa. Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kikasema malaria ipo wakati imeshaondoka. Ndiyo maana mhudumu mzuri atakuuliza umeumwa lini mara ya mwisho na umemeza nini, na akikuona unazidiwa atarudia kupima au kukutafutia ugonjwa mwingine. Kipimo kikisema hapana na moyo wako ukisema unaumwa, vyote viwili vinaweza kuwa sawa: unaumwa, na si malaria. Hapo usikigombeze kipimo. Mwambie daktari, "Bado naumwa, endelea kutafuta."

Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kinachohitajika ni kidole kimoja, tone moja, na dakika kama kumi na tano za kukaa kwenye benchi. Basi homa ikiingia nyumbani kwako usiku wa leo, mshike mgonjwa paji la uso, mfunike, mpe maji, andika daftarini moyo wako unavyosema. Na asubuhi, kabla ya duka la dawa, mpeleke akapimwe. Akiwa ni mtoto mdogo, au amelegea, au anapumua kwa shida, usisubiri asubuhi. Mbebe usiku huo huo.